Bwana Dadi na Zumari ya Nyuma ya Ua

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu waliovimbiwa. Paukwa!

— Pakawa!

Nina mdomo!

— Tuna masikio!

Nikisema uongo?

— Tutacheka!

Nikisema kweli?

— Tutacheka vile vile!

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna miwa, hadithi inataka masikio yako na wewe unayajaza makelele ya meno.

Hapo zamani, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa watu, palikuwa na mji wenye mitaa miwili, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Msiniulize juu ya nini na chini ya nini. Mji wote ulikuwa tambarare kama sinia. Lakini watu wa Juu walisema wako juu, watu wa Chini wakakasirika, na ugomvi ukapata pa kukaa.

Kila mwaka baada ya mavuno mitaa hiyo ilishindana kwa ngoma. Palikuwa na msondo, palikuwa na chapuo, palikuwa na tari. Na juu ya vyote palikuwa na zumari. Mnaijua zumari? Kijiti chenye matundu, na mdomoni kina ulimi mdogo wa jani la mvumo. Ikilia, hata aliyefiwa hutikisa bega. Mpigaji zumari aliyeshinda alivishwa kilemba cha hariri na Jumbe, mkuu wa mji, kwa mkono wake mwenyewe. Na mtaa ulioshindwa uliosha sufuria za karamu nzima. Mcheza kwao hutunzwa, na mshindwa kwao husugua masizi.

Sasa sikilizeni mila ya mji ule. Mwanamke ruhusa kupiga tari. Ruhusa kupiga kayamba. Ruhusa kupiga vigelegele mpaka koo likauke. Lakini zumari, marufuku! Mwanamke akikutwa anapuliza zumari, Jumbe aliiweka gotini mwake, akaivunja, ka! mbele ya watu wote, na mwanamke yule hakuruhusiwa tena hata kupiga mluzi. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Mila waliikuta imekaa pale, wakaipisha njia.

Na mwamuzi wa mashindano alikuwa Bwana Dadi.

Ee, Bwana Dadi! Alikuwa na kiti chake, kimetandikwa mto. Ngoma ikianza, alifumba macho. Aliinamisha kichwa. Aliweka kidole shavuni. Wimbo ukiisha alisema neno moja tu: "Mmh." Kulikuwa na Mmh ya kupanda, hiyo ndiyo ya ushindi. Na kulikuwa na Mmh ya kushuka, hiyo ukiipata nenda katafute mchanga wa kusugulia sufuria. Watu walisema, "Bwana Dadi ana masikio yule!" Naye aliyaosha kila Ijumaa kwa maji ya waridi.

Nikwambieni siri?

— Tuambie!

Bwana Dadi alikuwa hasikii kitu. Si kwamba alikuwa kiziwi, la. Muziki uliingia sikio hili, ukatokea sikio lile, na humo katikati haukukuta mtu. Tena yale macho hakuyafumba yote. Alifumba moja. Kwa lile la pili alitazama nani anavuja jasho zaidi na nani mashavu yamevimba zaidi. Alijiambia, "Anayetaabika ndiye bingwa." Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote.

Mtu mmoja aliligundua hilo, naye ni Kibwana wa Mtaa wa Juu. Kibwana alikuwa kijana mtanashati, mabega mapana, mashavu mawili kama maandazi. Lakini pumzi hakuwa nayo. Kupuliza jivu tu kulikuwa kunamshinda. Basi kila mwaka, kabla ya kuingia uwanjani, alijimwagia maji kichwani. Kata ya kwanza, chwa! Kata ya pili, chwa! Kata ya tatu, chwa! Akaingia amelowa, mashavu yamevimba, anacheza kama ameshikwa na pepo. Bwana Dadi akiona maji yale yanavyochuruzika, "Mmh!" ya kupanda mpaka darini. Miaka saba, vilemba saba.

— Mama, kama hana pumzi, zumari ilipigwa na nani?

Nani kauliza? Wewe kesho utapewa ukoko wote peke yako.

Nyuma ya uwanja palikuwa na ua wa makuti, na nyuma ya ua wanawake walipika. Katikati ya moshi na mafiga alikaa mwanamke mmoja, Bi Mwanakheri, ana zumari ndani ya kanga. Baba yake alikuwa fundi mkubwa wa zumari wa Mtaa wa Juu, akafa bila mtoto wa kiume. Lakini yule binti alikuwa ametazama vidole vya baba yake tangu anatambaa, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kibwana alikuwa mtoto wa shangazi yake. Basi Kibwana alivimba mashavu huku, Bi Mwanakheri akapuliza kule, na sauti ikaruka juu ya ua ikaangukia uwanjani. Wanawake wote wa mji walijua. Wanaume hawakujua hata mmoja, maana wakifika pale uani huuliza tu kama chakula kiko tayari.

Na huyu Bi Mwanakheri alikuwa mke wa nani? Hebu niambieni.

— Wa Jumbe!

Hapana.

— Wa Kibwana!

Hapana. Alikuwa mke wa Bwana Dadi, wa ndoa, wa miaka ishirini, wa kulala mto mmoja!

Kila mwaka Bwana Dadi alirudi nyumbani amejaa sifa. "Mke wangu, leo Kibwana kapiga zumari! Ungesikia wewe!" Na Bi Mwanakheri, midomo imekufa ganzi kwa kupuliza, alijibu, "Tutasikia wapi sisi, bwana? Sisi tunakoroga."

Alikuwa anasema hivyo na roho inamuuma. Lakini angefanyaje? Zumari ile ya baba yake ndiyo raha yake pekee duniani. Ikijulikana, gotini kwa Jumbe, ka!

Mwaka wa nane ukaingia. Akainuka Fundi Ngwali wa Mtaa wa Chini. Mzee mwembamba, mkavu, hatoki jasho hata akitwanga saa sita mchana. Alikuwa ameshindwa miaka saba mfululizo. Akaenda barazani kwa Jumbe, Bwana Dadi naye amekaa hapo.

"Jumbe," akasema, "mimi kushindwa nimezoea. Lakini mpishi huonja. Mwamuzi wetu amewahi kuonja?"

Jumbe akageuka. "Bwana Dadi, umewahi kupiga zumari?"

"Mimi?" Bwana Dadi akacheka kidogo. "Mimi ni mtu wa kusikiliza, Jumbe. Kupiga ni kazi ya wapigaji."

Watu wakaguna. Jumbe akasikia mguno, na Jumbe yeyote mwenye akili huogopa mguno. Akasema, "Basi mwaka huu, kabla ya kuamua, mwamuzi atapiga wimbo mmoja mbele ya watu. Mmoja tu. Akishindwa, ashuke kitini. Nawe Fundi Ngwali, aliyelileta neno hubeba mzigo wake. Utamfundisha wewe."

"Nitambeba," akasema Fundi Ngwali, tena kwa furaha iliyomtia Bwana Dadi wasiwasi.

Habari ilipofika nyumbani, Bi Mwanakheri aliangusha mwiko. Akawaza: huyu akijifunza, atasikia. Akisikia, atanijua. Akinijua mbele ya watu, zumari ya baba yangu imevunjika. Akaapa mumewe hatajifunza kamwe.

Asubuhi ya kwanza Fundi Ngwali alimpa Bwana Dadi bua la mpapai na bakuli la maji.

"Zumari iko wapi?"

"Bado sana. Tia bua majini, puliza. Mapovu yasikatike mpaka nimalize kahawa yangu."

Bwana Dadi akapuliza. Bub-bub-bub, kwisha. "Fundi, nitavutaje pumzi?"

"Kwa pua. Huku mashavu yanaendelea kupuliza."

"Kuvuta na kupuliza kwa pamoja? Haiwezekani!"

"Ahaa," akasema Fundi Ngwali. "Na wewe miaka saba umekuwa ukiliamua hilo hilo lisilowezekana."

Wiki ya kwanza maji yaliingia puani. Wiki ya pili yaliingia masikioni, msiniulize yalipitia wapi. Wiki ya tatu mapovu hayakukatika, na Bwana Dadi akakimbia njia nzima akiwaambia watu, "Hayakukatika! Hayakukatika!" Watu wakamwambia pole, wakidhani anaumwa tumbo.

Akapewa zumari. Siku ya kwanza ililia hivi: mbeee! Mbuzi wa jirani akakata kamba akaja mbio, chuchu zimejaa, anatafuta mwanawe. Siku ya pili ililia kama paka anayeogeshwa. Siku ya tatu haikulia kabisa, ila Bwana Dadi mwenyewe aligeuka rangi, ikabidi Fundi ampige mgongoni mara tatu.

Nyumbani nako Bi Mwanakheri hakulala. Alimpa mumewe uji wa moto, wa moto hasa, ulimi ukababuka. Bwana Dadi akapuliza na ulimi wake uliobabuka. Akapaka pilipili kichaa kwenye ule ulimi wa zumari. Midomo ikavimba ikawa kama miguu ya mtoto mchanga. Bwana Dadi akatoka mbio, akaitumbukiza midomo kwenye mtungi, akarudi, akapuliza tena huku anatoa machozi.

"Bwana, si uache tu?" akasema Bi Mwanakheri. "Mwanamume mzima na mapovu!"

"Siwezi kuacha," akasema Bwana Dadi, anafuta kamasi. "Jana ilitoka sauti moja nzuri, mke wangu. Moja tu. Nataka kujua ilitoka wapi."

Bi Mwanakheri aliposikia hivyo moyo ulimlegea, maana yeye naye alikuwa ameipata sauti yake ya kwanza hivyo hivyo, akiwa na miaka sita, na hakuwahi kuisahau. Lakini hofu nayo ikazidi, maana mtu aliyekwisha kuisikia sauti yake ya kwanza, pilipili haimzuii.

Mwezi wa tatu mambo yakaharibika kweli kweli. Bwana Dadi alikuwa anapita njiani, wanawake wawili wanatwanga mpunga katika kinu kimoja. Twa-twa, twa-twa. Njia hiyo ameipita miaka yote. Siku hiyo miguu ilikataa kwenda. Akasimama. Akasikia kwamba huyu anashusha mchi kwa hasira na mwenzake anashusha kwa uvivu.

"Dada wa kushoto," akasema, "unachelewa kidogo."

Dada wa kushoto akamkabidhi mchi. Bwana Dadi alitwanga pishi nne ndipo akaachiliwa, na yeye pia alichelewa.

Akaenda harusini. Zamani harusini alikuwa anakula pilau, ngoma inalia huko, mambo swafi. Sasa tonge liko mkononi, haliendi mdomoni. "Chapuo anakimbia!" "Tari imelegea ngozi!" "Huyu wa zumari ameiba pumzi katikati ya neno!" Bwana harusi akamsihi aondoke.

Akaenda kwa Fundi Ngwali analia. "Fundi, umeniharibu. Zamani ngoma zote zilikuwa nzuri. Sasa zote zina kasoro. Nirudishie masikio yangu ya zamani!"

Fundi Ngwali akacheka mpaka akakaa chini. "Mtoto akiota meno huuma kila kitu, hata chuchu. Ngoja yaote."

Kisha yule mzee akachukua zumari akapiga. Bwana Dadi akamsikiliza akiwa na masikio yake ya kuuma, anasubiri kasoro. Katikati ya wimbo kifua cha mzee kikamwishia. Bwana Dadi akapajua hapo hapo, maana hapo ndipo kifua chake yeye hukataa kila siku. Lakini mzee hakukata. Aliukunja wimbo kidogo, akaufanyia mzaha, akapita, kama mtu aliyejikwaa akageuza kujikwaa kuwa kucheza.

Bwana Dadi akajikuta machozi yanamtoka. "Fundi, hapo mimi huwa nakufa."

"Hata mimi nakufa hapo," akasema Fundi. "Miaka arobaini nakufa hapo hapo. Nimezoea kufa nikicheka."

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na Bwana Dadi ndiyo kwanza anasikia nyundo. Akakumbuka Mmh saba za kushuka alizompa mzee huyu, akaona haya, akatamani ardhi immeze. Kisha wazo likamjia.

"Fundi, mbona wewe hutoki jasho?"

"Jasho la nini? Anayetoka jasho kwa zumari anapuliza vibaya."

Bwana Dadi akakumbuka jasho la Kibwana. Kijasho kikamtoka yeye.

Wiki ya mwisho alikuwa barazani kwake anarudia wimbo wake. Unafika mahali unakwaruza. Anarudia, unakwaruza. Anarudia, unakwaruza. Jikoni Bi Mwanakheri anakuna nazi, meno ameyauma. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili alivumilia. Mara ya kumi na moja, jamani, mjuzi gani atavumilia?

"Kidole cha tatu, bwana!" akapiga kelele. "Kiinue mapema, tena kwa kukidokoa!"

Bwana Dadi akainua kidole cha tatu mapema, kwa kukidokoa. Wimbo ukapita laini.

Bwana Dadi akashusha zumari.

"Mke wangu, umejuaje?"

"Nimejua nini? Nimesema kidole... nimejikuna na mbuzi ya nazi. Cha tatu. Kinauma sana."

"Pole," akasema Bwana Dadi, akaendelea kupiga. Masikio yalikuwa yameota, akili bado inatambaa.

Siku ya mashindano ikafika. Alasiri, jua limepunguza ukali, mji wote uko uwanjani. Nyuma ya ua Kibwana amepiga magoti mbele ya Bi Mwanakheri.

"Mwaka huu sipigi," akasema Bi Mwanakheri. "Mume wangu sasa anasikia."

"Dada, nimekwisha kujimwagia maji! Nikitoka mkavu wa sauti nitaficha wapi uso wangu?"

Wanawake wakasema, "Piga, Mwanakheri. Tukukose hata hiyo siku moja kwa mwaka?"

Bi Mwanakheri akatazama zumari ya baba yake. Akasema, "Nitapiga kwa namna nyingine. Hatanijua."

Kwanza alisimama mwamuzi. Akapiga wimbo wake mmoja. Haukuwa mkubwa. Ulikwaruza mahali pamoja, akatabasamu, akapita. Watu walikuja kumcheka, wakajikuta wanapiga makofi. Akarudi kitini, na kiti ni chake.

Pili akapiga Fundi Ngwali. Bwana Dadi alimsikiliza macho ameyafumba yote mawili, kwa mara ya kwanza.

Tatu akaingia Kibwana, amelowa, anamwaya maji kila upande. Na zumari ikalia.

Bwana Dadi akashtuka. Akafumbua jicho. Akaona Kibwana anacheka na wasichana, na zumari inaendelea. Akaona mashavu ya Kibwana yanajaa pumzi mahali ambapo wimbo unaishiwa pumzi. Akageuza kichwa. Sauti haikutoka kwa Kibwana. Ilitoka kushoto, nyuma ya ua, kwenye moshi.

Akasikiliza huko. Akamsikia mtu anayepuliza tangu utotoni. Akasikia anajitahidi kujificha, anapindisha huku, anapindisha kule. Lakini mkono hausahau. Wimbo ulipofika mahali pagumu, kidole cha tatu kiliinuka mapema, tena kwa kudokoa.

Bwana Dadi akamjua mkewe.

Alisikia aibu, jamani. Alisikia fahari. Alisikia na hofu, maana goti la Jumbe lilikuwa hatua tatu kutoka pale alipokaa.

Na njia ya mwongo ni fupi. Kibwana alizunguka mara moja, akazunguka mara mbili, ya tatu akakanyaga maji yake mwenyewe. Pu! Chini chali! Zumari ikamtoka mkononi, ikabingirika mpaka miguuni kwa Jumbe.

Na wimbo unaendelea!

— Ala!

Unaendelea! Mwenyewe kule nyuma haoni kitu, amefumba macho, amenoga. Kibwana yuko chini, zumari yake iko chini, na zumari inalia. Wapiga ngoma wakatazamana. Jumbe akaanza kugeuza shingo kuelekea uani. Polepole. Bado kidogo. Bado kidogo...

Bwana Dadi akaruka kutoka kitini! Akachomoa zumari yake kiunoni, akaitia mdomoni, akavimba mashavu. Hakupuliza hata punje ya pumzi. Lakini pale mkewe alipovuta pumzi, naye mabega yalipanda. Pale mkewe alipodokoa kidole, naye alidokoa. Aliufuata wimbo ule hatua kwa hatua, kwa kuwa sasa alikuwa anausikia wote, na wimbo ulipoisha yeye na mkewe waliumaliza pamoja.

Uwanja ukalipuka! "Bwana Dadi! Bwana Dadi ni bingwa! Kibwana kaanguka, mwamuzi kaudaka wimbo hewani!" Wakambeba. Jumbe akaja na kilemba cha hariri.

Na Bwana Dadi, nisiwafiche, alikuwa mtu wa kupenda sifa. Kilemba kile alikuwa amekitamani tangu kijana. Jumbe akamzungushia mzunguko wa kwanza: Bwana Dadi akatabasamu. Mzunguko wa pili: akaangalia chini. Mzunguko wa tatu akashika mkono wa Jumbe.

"Jumbe, nishusheni. Sikupiga mimi. Nimevimba mashavu tu, kama Kibwana, na miaka saba nimewapa vilemba mashavu na jasho. Mpigaji yuko kule."

Akaenda moja kwa moja mpaka uani, akasogeza makuti. Bi Mwanakheri amesimama, zumari kifuani. Bwana Dadi akavua kilemba kichwani mwake, akamvika.

Wanaume wakapiga kelele. Mwanamke! Zumari! Wa Mtaa wa Chini wakapiga kelele zaidi, "Fundi Ngwali, umedhulumiwa! Sema!"

Fundi Ngwali akasogea, mkavu vile vile. "Nimejua tangu mwaka wa pili," akasema. "Mnadhani kila mwaka narudi kufuata nini, kushindwa? Nilikuwa naja kumsikia huyu. Nikaona vibaya mumewe asimsikie. Ndiyo maana nikampeleka kwenye bakuli la mapovu."

Mnaona ujanja wa mzee yule! Mnamwona!

Lakini Jumbe alikuwa ameinua goti. "Mila ni mila. Leteni hiyo zumari."

Bwana Dadi akasimama mbele ya mkewe. "Jumbe, kabla hujavunja, nijibu. Mwaka juzi ulicheza mpaka kiatu chako kikaangukia kwenye mchuzi. Mwaka jana ulilia, ukatuambia ni moshi. Ulikuwa unaichezea zumari ya nani?"

Jumbe akatazama kiatu chake. Goti bado liko juu, anayumba kwa mguu mmoja.

Ndipo ikasikika sauti ya kizee kutoka mafigani. Mama yake Jumbe, mwiko mkononi. "Shusha goti, mwanangu, watu wanakutazama. Mwanakheri akipiga, mimi ndiye ninayemzibia kwa kawa la chakula asionekane. Miaka saba! Unataka kunivunjia na kawa langu?"

Jumbe akashusha goti.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, kuku wa mji wote walikataa kutaga wiki mbili.

Mtaa wa Chini waliosha sufuria, na Bwana Dadi akaenda kuosha nao, maana alisema deni la Mmh saba halilipwi kwa maneno. Alipomaliza, akarudi nyumbani, akachukua na sufuria za kwake akaketi nazo uani, anasugua. Bi Mwanakheri amekaa kizingitini, kilemba kichwani, anaikausha zumari ya baba yake kwa upindo wa kanga.

"Mke wangu," akasema Bwana Dadi, "nimeumia. Miaka yote ile. Kwa nini hukuniambia?"

Bi Mwanakheri akamtazama, hana hasira.

"Nilikwambia, bwana. Kila mwaka nilikwambia, kwa sauti ya kufika mitaa miwili. Na wewe ulikuwa umekaa mbele kabisa."

Bwana Dadi akainama, akaendelea kusugua.

Na mimi hapo nimemwacha, simsaidii. Hadithi nimeitua chini: aliyeiona tamu aondoke nayo, aliyeiona chungu anirudishie nikaitie sukari. Nimefunga mdomo!

— Tumefungua masikio!